Rangi Isiyoonyesha Uchafu

Jumamosi ile tulikuwa tunafua jezi. Za wavulana zilikuwa kwenye beseni la kwanza, za wasichana kwenye la pili, na maji ya mabeseni yote mawili yalikuwa mekundu, kwa sababu udongo wa kwetu ni mwekundu na kiwanja chetu hakikuwa na nyasi hata kidogo. Mama alikuwa ameinama akisugua kola nyeupe kwa sabuni ya mche, na kama kila Jumamosi alikuwa akiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayemnunulia nguo nyeupe mtoto anayegaagaa chini. Kaka yangu Bahati alikuwa upande wa pili wa kiwanja akimwaga majivu kuchora mistari. Alijibu bila kugeuka kwamba wale walionunua jezi hizo huchezea ndani ya nyumba. Mama akasema nyumba ya kuchezea mpira hajawahi kuiona na hataki kuiona.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna kilichotokea siku hiyo. Jezi zilianikwa kwenye ua wa michongoma, zikakauka, tukazikunja.

Sasa ninaishi Germantown, Maryland, katika nyumba iliyobanana na nyumba za jirani, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Ninaandika haya kwa sababu moja tu. Kaka yangu alitangazwa redioni, na baadaye mtandaoni, kwamba alikufa akiwa mpiganaji. Hakuwa mpiganaji. Alikuwa kipa wa mpira wa mikono. Nataka hilo lijulikane, na ili lijulikane lazima nianze na klabu.

Mji wetu ni mdogo, uko kati ya ziwa na milima, Kivu ya Kusini, Kongo. Klabu yetu ilikuwa na jina refu la Kinorwei ambalo hakuna aliyeweza kulimaliza bila kupumzika katikati, kwa hiyo watu waliiita Idireti. Ilianzishwa na Bwana Arne, aliyekuja kutoka Norwei kujenga mabomba ya maji ya hospitali. Mkewe, Solveig, alikuwa nesi. Walitoka katika mji mdogo wa kaskazini ambako, walivyotueleza, watu ni wachache mno hata hawawezi kuwa na klabu ya mpira wa miguu, klabu ya riadha na klabu ya mpira wa mikono kila moja kivyake. Wana klabu moja yenye michezo yote, na mtoto anayeanza na mbio anaweza kumalizia golini.

Bwana Arne hakuweza kuwaza klabu ya namna nyingine. Alipowaona vijana wetu wanacheza mpira wa miguu peke yake, aliwatazama kama mtu anayeona watoto wanakula ugali bila mboga. Alileta voliboli, akaleta riadha, akaleta mpira wa mikono ambao hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa ameusikia. Alijaribu hata ule mchezo wao wa kuteleza kwenye theluji: aliwafunga vijana mbao miguuni na kuwasimamisha juu ya mteremko wa nyasi zenye umande. Mchezo huo ulidumu asubuhi moja. Solveig ndiye aliyefunga majeraha, na inasemekana maneno aliyomwambia mumewe siku hiyo hayakuhitaji mkalimani.

Lakini kilichotushika zaidi ya michezo yenyewe ni desturi yao ya kazi. Huko kwao hakuna anayelipwa klabuni. Wazazi ndio wanaofua jezi, wanaopaka rangi magoli, wanaopika vitafunwa siku ya mechi, na asiyejitokeza huonekana mtu wa ajabu. Sisi tulikuwa na salongo, kazi ya lazima ya serikali, ambayo kila mtu aliikwepa alivyoweza. Bwana Arne hakuelewa kwa nini watu walicheka alipoomba salongo ya hiari. Hata hivyo walikuja. Kulikuwa na kahawa, na kulikuwa na chuma chake cha kupikia vafeli juu ya makaa, vikate vyembamba vyenye umbo la ua ambavyo mama zetu walianza kuvichanganya na unga wa muhogo, mpaka Solveig mwenyewe akakiri kuwa vya kwetu ni vitamu zaidi. Asiyefanya kazi Jumamosi hakucheza Jumapili. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza.

Sheria ya pili ilikuwa: tunakwenda pamoja, tunarudi pamoja. Kwenye mechi za ugenini kila mtu alivaa nguo ya klabu njia nzima, ili asije mtu akaachwa sokoni au akapanda lori lisilo letu. Tulitembea kwa foleni, nahodha mbele na filimbi yake, na kwenye kila kivuko tulisimama mpaka wa mwisho afike. Watoto wa milimani na watoto wa ziwani walivaa nguo moja. Katika mji wetu hilo halikuwa jambo dogo, na kuna wazee waliolipinga mpaka walipoonja vafeli.

Mama yangu na Solveig walifahamiana kwenye mabeseni. Solveig alikuja kufua kama mzazi mwingine yeyote, mikono yake ikawa myekundu kuliko jezi, na Mama hakuacha kumlalamikia juu ya zile nguo nyeupe. Alilalamika mpaka mwenzake akakubali. Kwa hiyo watu wa klabu ya Norwei walipoanza kukusanya traksuti za kututumia, Solveig aliwaomba wachague rangi isiyoonyesha uchafu. Zilifika kwa magunia: kijani iliyoiva, karibu na nyeusi, zote sawa. Mama alizipapasa, akazigeuza ndani nje, akasema sasa huyu mzungu amepata akili. Solveig alicheka mpaka akakaa chini.

Zikawekwa depo, stoo ya klabu, zikisubiri mashindano. Kabla ya mashindano, ubalozi wao uliwaita waondoke, kwa sababu hali ya usalama ilikuwa inaharibika. Waliondoka na binti yao mdogo, Ingrid, ambaye alizaliwa kwetu na hakujua theluji ni kitu gani. Bwana Arne alimwachia Bahati ufunguo wa depo. Bahati alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu siku hiyo aliendesha klabu kana kwamba Bwana Arne angerudi kesho yake kukagua. Mistari ilichorwa. Jezi zilifuliwa. Ndivyo tulivyofika Jumamosi ile niliyoanza nayo.

Jumanne tulisikia mizinga upande wa kusini. Mwanzoni watu walisema ni baruti ya wachimba mawe, kwa kuwa kila mtu alipenda wawe wachimba mawe. Halafu wakaanza kupita wenye magodoro kichwani. Walituambia barabara ya ziwa imefungwa na kwamba wenye bunduki wanakuja kwa barabara hiyohiyo. Njia iliyobaki ilikuwa ya milimani, na milimani kuna baridi inayoua watoto wachanga.

Bahati alifungua depo.

Hakumwuliza mtu. Alisimama mlangoni akagawa traksuti kwa kila aliyekuwa wa klabu, wachezaji, wafuaji na wapika vafeli. "Kila mutu avae," alisema. "Kule juu iko baridi sana. Na tusipoteane."

Sijawahi kumlaumu kwa hilo. Watu walikuwa wanapoteana kila mahali, mama huku, mtoto kule, na yeye alikuwa na magunia ya nguo nzito zinazofanana. Mtu yeyote aliyelelewa na Idireti angefanya vilevile. Mipira aliiacha. Mikono ilikuwa michache, na alichagua kubeba sufuria kubwa ya klabu na sanduku la dawa aliloachiwa na Solveig.

Mama alivaa traksuti yake kama wengine, kisha akafunga kitenge juu yake. Akatutazama sisi wasichana.

"Basichana bote, kitenge juu ya suruali," alisema. "Mwanamuke hapitake mbele ya basoda na suruali."

Askari au si askari, tulinung'unika, kwa sababu kupanda mlima na kitenge ni taabu. Tulivaa.

Tulipanda siku nzima. Wavulana walikuwa mbele na mizigo mizito, sisi na wazee nyuma. Kwenye kila kijito Bahati alisimama, akangoja wa mwisho afike, akapuliza filimbi mara moja, tukaendelea. Familia nyingine zilizokuwa njiani zilitutazama kwa wivu. Mzee mmoja asiye wa klabu aliuliza kama anaweza kufuatana nasi kwa kuwa tunaonekana watu wenye mpango. Tulilala katika shule isiyo na paa, tumebanana, na kweli hakuna aliyepata baridi. Nakumbuka nilijivunia. Nililala nikiwaza kwamba sisi si wakimbizi kama wale wengine, sisi tuko safarini.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Tulipofika kwenye mgongo wa mlima ulianza kufunguka.

Askari walikuwa wameketi kando ya njia, chini ya mikaratusi. Sikujua ni wa upande gani. Hata leo sijui, na sitabahatisha.

Walituona kabla hatujawaona.

Waliona foleni ya vijana wanaume, nguo moja ya kijani, hatua moja, na mtu mbele mwenye filimbi shingoni.

Tulilazwa kifudifudi. Majani yalikuwa na maji.

"Muko kikundi ya nani?" kamanda aliuliza.

"Hatuko kikundi, shefu," Bahati alisema. "Tuko ekipe. Ya mpira ya mikono."

"Mpira banachezaka na miguu."

"Kuko na ya mikono, shefu."

"Balo iko wapi?"

Bahati akasema mipira ilibaki nyumbani. Askari mmoja akacheka. Kamanda hakucheka. Alikuwa mtu mtulivu, na nadhani kwa muda fulani alitaka kuelewa.

"Muonyeshe," alisema.

Bahati akamtazama Amani, mchezaji wetu wa pembeni kushoto. Amani akainuka. Hatua tatu, mruko, mkono nyuma ya kichwa, akatupa. Alitupa hewa tupu. Alifanya vizuri. Nilikuwa na shavu kwenye majani na bado niliona kwamba alifanya vizuri.

"Vile njo banatupaka grenadi," akasema yule aliyekuwa amecheka, akigusa guruneti lililoning'inia mkandani mwake.

Kisha kamanda akaamuru wavulana wasogezwe upande wa miti, na wanawake na wazee waendelee na njia.

Mama aliinuka. Hakuendelea na njia. Alishika fundo la kitenge kifuani na kuanza kulifungua.

Nilielewa mara moja. Alitaka waone kwamba yeye, mwanamke mwenye mvi, amevaa nguo ileile. Kwamba sare ya vita haivaliwi na mfua jezi.

Bahati naye alielewa. Alielewa zaidi yetu, kwamba wakiona nguo hiyo juu ya Mama, watainua vitenge vyote na kutuhesabu sote wapiganaji.

"Mama, hapana," alisema. Halafu bila kupaza sauti, kama anayenituma dukani: "Faida, peleka Mama."

Nilimshika mkono. Alikuwa mzito. Nilimvuta.

Tulishuka upande wa pili wa mlima. Hatukuruhusiwa kugeuka.

Risasi hazikuwa nyingi.

Mkulima wa kijiji cha jirani aliwazika, na ni yeye aliyetutumia habari, baadaye, tulipokuwa tumevuka mpaka na kufika kambini Kigoma. Wote walikufa. Alisema aliwazika na nguo zao. Kabla ya hapo mtu alikuwa amewapiga picha. Redio ilisema wapiganaji waliovaa sare wameuawa milimani, na baada ya miaka picha hiyo ikaingia mtandaoni na maneno hayohayo chini yake. Niliiangalia mara moja. Wamelala sambamba, na ukiangalia bila kujua, kwa kweli utaona jeshi.

Kambini, Mama aliacha kukaa na wanawake wenzake. Waliokuwa wa Idireti walikuja kumwita, akasema mgongo unauma. Sikuelewa mpaka siku moja tulipokuwa tunachambua maharage. "Ni miye niliomba ile rangi," alisema. Nikamwambia asiseme hivyo. Akaendelea kuchambua maharage na hakulisema tena. Nilidhani limepita, kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo. Alikufa kabla karatasi zetu za kuja Marekani hazijakamilika, kwa ugonjwa ambao watu wengine kambini waliupona.

Nilikuja peke yangu. Nimeolewa hapa, nina binti, Neema, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Maisha ni ya kawaida. Asubuhi napanda gari la Nyambura, nesi Mkenya anayeishi mtaa wa pili, tunashindana na foleni ya magari mpaka kwa wagonjwa wetu, na jioni tunashindana nayo kurudi.

Mwaka jana Ingrid alinitafuta. Alikuwa na mkutano wa kikazi huku, akafikia hoteli ya National Harbor, kule Oxon Hill, nami nikaenda kumwona siku yangu ya mapumziko. Nilimkuta mwanamke mrefu mwenye mvi za kwanza, amesimama kando ya mto Potomac akiwatazama watalii wanapanda boti. Alifungua mdomo, na kikatoka Kiswahili cha mtoto wa miaka minane wa mji wetu, kimekaa humo miaka yote bila kukua.

"Faida, ni miye Ingrid. Unanikumbuka? Nilikuwa nakimbilia balo kila inatoka inje."

Nilimkumbatia. Sikutegemea kulia, nikalia.

Tulikaa kwenye benchi. Aliniambia baba yake, Bwana Arne, alifariki. Aliniambia klabu ya mji wao inaandika kitabu cha historia yake, kuanzia siku vijana wachache walipokopa uwanja wa shule mpaka leo, na kwamba kuna sura moja juu ya Idireti, binti yake wa Afrika. Akanitafsiria ilivyokuwa imeandikwa. Yalikuwa maneno mazuri: mabomba, mbao za kuteleza, vafeli za muhogo. Halafu ikafika sentensi ya mwisho. Ilisema kwamba vita vilipokuja, vijana wengi wa klabu walijiunga na wapiganaji na wakauawa.

"Nani alisema hivyo?" niliuliza.

"Baliona photo," Ingrid alisema. "Kamati yote iliona ile photo."

Nilimweleza. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, mpaka kwenye risasi. Alisikiliza ameshika magoti yake. Nilipomaliza akasema atawaambia waifute ile sentensi. Wataandika kwamba vijana walikufa vitani, basi.

Nikamwambia haitoshi. Picha iko mtandaoni. Mtu akisoma kwamba walikufa vitani, kisha akaiona picha, atamaliza sentensi mwenyewe. Lazima waandike zile zilikuwa nguo gani, zilitoka wapi na kwa nini zilikuwa za rangi ile.

Hapo ndipo alipogeuza uso.

"Faida, ni mama yangu alichagua ile rangi," alisema. "Hajui kitu. Iko anafikiri balikufa na bombe, kama batu bengine. Iko muzee sana. Iko ku nyumba ya bazee, na kile kitabu njo kitu moja anangojea."

Niliendesha gari la mume wangu kurudi Germantown nimekasirika, na nilipofika sikujua nimemkasirikia nani. Kwa upande mmoja alikuwa kaka yangu, kipa, ambaye hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Kwa upande mwingine alikuwa bibi kizee mmoja aliyewahi kufua nguo zetu. Jina la mmoja halikuweza kusafishwa bila kumwumiza mwingine.

Nilimwambia Nyambura kesho yake, tukiwa tumekwama barabarani.

"Wachana na hiyo maneno, Faida," alisema. "Huyo ni cucu, nyanya ya watu. Unataka kumbreak roho ya nini sasa? Bahati ako na Mungu, hasomi vitabu."

"Mimi niko hapa, na nitasoma."

"Aki wewe. Na huyo mzee akipata stroke?"

Nyambura ni nesi, anajua anachosema, na moyo wake ni mwema. Nilikaribia kukubali.

Kilichonizuia ni kazi yangu. Nilikuwa namtunza mwanamke mmoja, mzee sana, ambaye dada yake alikuwa amefariki, na familia ilituagiza sote tuseme dada yuko safarini. Kila siku aliuliza kwa nini dada hapigi simu. Kila siku tulisema anasafiri. Siku moja nikimfunga vifungo vya sweta alinitazama akasema, "You're all very kind," na hakuuliza tena. Alikuwa amejua zamani. Tulichofanikiwa ni kumwacha peke yake na jambo ambalo kila mtu ndani ya nyumba ile alilijua. Nilipotoka kwake nilikaa ndani ya gari na kumkumbuka mama yangu na maharage yake. Jioni nikamwandikia Ingrid kwamba nataka kuzungumza na Solveig mwenyewe.

Ilichukua wiki kadhaa. Ingrid alikataa, akakubali, akakataa. Hatimaye Jumapili moja, baada ya kanisa, simu ikaita. Neema aliisimamisha juu ya meza dhidi ya birika la chai.

"Mom, you're on mute," alisema, akaniwashia sauti, akatoka.

Sikumtambua Solveig kwa sura. Nilimtambua kwa mikono. Ingrid alikuwa amekaa kando yake, uso mweupe kama karatasi.

"Faida wa mama Bahati," Solveig alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole na hakikukosea. "Umenenepa. Vizuri."

Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama." Nikamwuliza hali ya miguu yake. Halafu nikamwambia. Nilitumia maneno machache, kwa sababu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima nikiosha vyombo. Njia ya milimani. Depo. Baridi. Nguo zilizofanana, foleni, filimbi, askari. Nikamwambia Bahati alivyomzuia Mama kufungua kitenge.

"Ile ya kijani?" aliuliza.

"Ile ya kijani, Mama."

Ingrid alisema jambo kwa Kinorwei, haraka. Mama yake aliinua mkono kumzuia. Niliogopa. Nilimwogopea, na nilijiuliza ni mtu wa namna gani anayefanya hivi kwa ajili ya mstari mmoja kitabuni.

"Mama yako alijua?" Solveig aliuliza. "Alijua ni rangi?"

Swali hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi.

"Alijua," nilisema. "Alisema ni yeye aliyeiomba. Alisema mara moja tu. Kisha akajitenga na watu mpaka alipokufa."

Solveig alifunga macho. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, jinsi wazee wanavyolia.

"Hapana," alisema. "Aliomba yeye, nikatuma mimi. Tulikuwa wawili."

Nililia kwa sauti, mpaka Neema akaja kuchungulia mlangoni.

Solveig alimgeukia Ingrid na kuzungumza naye kwa lugha yao, kwa ukali kidogo, kama nesi anayemwagiza mwanafunzi. Kisha akanigeukia. "Nimemwambia waandike," alisema. "Nguo, rangi, na nani alichagua. Majina mawili. Na wavulana waandikwe mahali pao pa kucheza, kama wachezaji wa hapa."

Kitabu kilifika mwezi wa tano. Ni kizito, kina picha nyingi za watu kwenye theluji. Neema alinisomea sura yetu kwa msaada wa simu yake. Kuna picha ya timu mbele ya goli la miti, na chini yake majina: Amani, pembeni kushoto, na wengine, na mwishoni, kipa, Bahati. Kinachofuata ni habari ya traksuti, imeelezwa wazi, na jina la Solveig na la mama yangu pamoja.

Najua kimefanya nini na hakikufanya nini. Jina la kaka yangu ni safi katika mji mmoja mdogo wa kaskazini ambao sitaufikia. Redio haikusahihisha kitu. Picha bado iko mtandaoni na maneno yake. Wavulana wako mlimani, na mkulima aliyejua mahali sasa ni marehemu.

Hayo nimeyazoea. Nisichokizoea ni kwamba miaka yote ile kambini, Mama alipokuwa anasingizia mgongo, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye angeweza kumwambia maneno yale mawili, tulikuwa wawili, tena kwa Kiswahili, na alikuwa hai, na alikuwa na simu, na hakuna kati yetu aliyempigia.